Neti, gundi au uzi: ununue nini kushikizia matumbawe laini kwenye jiwe

Dodoma ni zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini, lakini kama unafuga matumbawe laini (yale yasiyo na kiunzi kigumu cha mawe) kwenye tangi la maji ya chumvi nyumbani, vingi unavyohitaji kushikiza vipande vyake utavipata kwenye vibanda vya vitambaa pale Soko la Majengo na kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

Kabla hujatoa hela, elewa kwamba tumbawe laini hujishika lenyewe. Likikatwa hutoa ute, na ute huo hukataa gundi. Likitulia, baada ya wiki moja au mbili huwa limeota kwenye jiwe. Unachonunua ni kitu cha kulituliza tu.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni neti ya pazia, ile laini ya matundu madogo, inayouzwa kwa mita kwa bei ya chee. Weka kipande ndani ya bakuli la plastiki pamoja na vijiwe, funika kwa neti, kaza kwa rababendi kwenye ukingo wa bakuli, kisha lizamishe tangini mahali maji yanapopita taratibu. Kwa aina kama Discosoma na Xenia, ambazo huteleza kutoka kwenye kila gundi, sijaona kinachoizidi. Ila usikate chandarua chenye dawa, hata kiwe cha zamani! Dawa zake za jamii ya pairethroidi huua samaki na kamba.

Namba mbili ni supagluu, lakini iwe ya jeli. Soma pakiti: iandikwe sianoakrilati (cyanoacrylate). Ile nyepesi kama maji husambaa ikaacha utando mweupe na haizibi nafasi kati ya jiwe na jiwe. Gundi hii hugandishwa na unyevu, kwa hiyo hushika hata chini ya maji. Hewa kavu ya Dodoma wakati wa kipupwe huichelewesha, basi usingoje ikauke mezani. Paka, bana kidogo, zamisha. Inafaa zaidi kipande kikiwa tayari kimeota kwenye kijiwe, maana hapo unagundisha jiwe kwa jiwe, siyo nyama ya tumbawe. Dukani bonyeza tyubu kwanza. Ikiwa ngumu, irudishe. Joto huiharibu, kwa hiyo usinunue iliyoanikwa juani.

Uzi wa pamba na kijiti cha meno nauweka wa tatu, kwa ajili ya aina zenye shina nene kama Sarcophyton na Sinularia. Choma kijiti shinani, kisha funga ncha zake mbili kwenye jiwe. Pamba itaoza yenyewe. Nailoni ya kuvulia hukata nyama, na rababendi iliyokazwa juu ya tumbawe hufanya vivyo hivyo.

Epoksi ya kukanda, gundi inayofinyangwa kama udongo, ni ya mwisho. Haishiki nyama kabisa, na inaweza kufanya kichujio cha povu, kile kinachotoa uchafu majini kwa mapovu, kifurike kwa muda. Inunue tu kama una mawe mazito ya kuunganisha.

Pesa ikibaki, nunua glavu na miwani ya kazi, hasa ukikata zoanthidi, jamaa wadogo wa matumbawe. Baadhi yake zina palitoksini, sumu kali mno. Usizikate ukiwa na kidonda mkononi, wala usichemshe jiwe lililowahi kuzibeba, kwa sababu mvuke wake nao ni hatari kwa kila aliyemo nyumbani.