Waya gani wa kununua kwa boila ya bafuni hapa Lubumbashi

Kabla hujauliza bei ya waya, soma kibandiko kilicho ubavuni mwa boila. Chukua wati zilizoandikwa, gawanya kwa 220, upate ampea. Boila ya tangi, lita 80 au 100, huwa na wati 1500 hadi 2000, yaani ampea 7 hadi 9 hivi. Ile inayochemsha maji papo hapo kwenye manyunyu ikiwa ya wati 5500 inavuta ampea 25. Jakuzi ya nyumbani ya wati 7000 inakaribia 32. Mashine hizi tatu haziwezi kutumia waya mmoja, hata muuzaji aape vipi.

Sasa, shaba. Mkoa wetu, Katanga ya zamani, uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, na bado madukani tunauziwa alumini iliyopakwa shaba juu juu. Mimi mwenyewe nilinunua rolo la namna hiyo. Baridi ya mwezi wa saba haikuisha kabla plastiki ya waya haijaanza kunuka kwenye boksi la kuungia. Alumini hupitisha umeme kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo waya wa unene uleule unachemka zaidi, na maungio yake hulegea upesi.

Kwangua ncha kwa kisu: ndani ikionekana nyeupe, rudisha. Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni mizani, hata ile ya muuza unga wa jirani. Katika rolo la mita 100 la 2.5 (yaani unene wa milimita za mraba 2.5), shaba peke yake ina kilo 2.2, la 4 ina kilo 3.6, la 6 ina kilo 5.4. Plastiki huongeza juu ya hapo. Rolo la 2.5 likiwa na kilo moja na nusu, hiyo si shaba, au mita zimepunguzwa, au unene umeibiwa. Muuzaji anayekataa mizani, mwache.

Kwa boila ya tangi, chaguo langu la kwanza ni nyaya za shaba za 4, moja moja, ndani ya bomba la plastiki, zikitoka moja kwa moja kwenye tablo (boksi kuu la umeme la nyumba) na disjonkteri yake, swichi inayojikata umeme ukizidi, ya ampea 20. Ndiyo, 2.5 inatosha kwa hesabu, na ndiyo naiweka ya pili: ukiwa na bafu karibu na tablo, mita 10 au 15, nunua hiyo bila wasiwasi. Nyumba zetu nyingi lakini zina bafu nyuma kabisa, na umeme wenyewe jioni unafika umechoka. Volti zikishuka kutoka 220 hadi 180, boila ya wati 2000 inabaki na nguvu ya wati 1340 hivi. Usiuongezee udhaifu huo kwa waya mwembamba.

Ya tatu ni kebo ya nyaya tatu ndani ya ganda moja, ile mafundi wanayoiita XVB. Inafaa kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa kuta.

Manyunyu ya papo hapo yanataka 6, basi. Kwa umbali wa mita 30, waya wa 2.5 ukibeba ampea 25 unapoteza wati 260 hivi kama joto ndani ya ukuta wako. Jakuzi vilevile 6, na umbali ukiwa mrefu, 10. Ikiwa uani, kebo ipite ardhini ndani ya bomba lake. Waya bapa wa taa, ule wa nyuzi mbili, usiuguse kwa kazi yoyote kati ya hizi. Hauna hata waya wa ardhi.

Angalia rangi pia. Nyaya za mtindo wa Kibelgiji zina buluu kwa nyutro (waya wa kurudisha umeme), na nyeusi inaweza kuwa ndiyo yenye umeme. Katika kebo nyingi zinazotoka Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nyeusi ndiyo nyutro na nyekundu ndiyo yenye umeme. Ukichanganya aina mbili katika nyumba moja, mwambie fundi mapema.

Na pesa iliyobaki isiende kwenye vigae. Nunua disjonkteri diferensheli ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja, na fimbo ya ardhi, ile ya chuma inayopigiliwa udongoni. Udongo wetu unakauka kuanzia mwezi wa tano, na udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Baridi ya kuoga maji moto inakuja wakati huohuo. Fundi akikupimia ardhi mwezi wa pili, mvua ikinyesha, kipimo kitapendeza. Mwite tena mwezi wa tisa. Kikizidi omu 30 (omu hupima ukinzani wa umeme), aongeze fimbo ya pili.