Doyenné du Comice: peasi lisilotaka haraka

Siku ya kwanza nililidharau. Nilinunua sita, nikauma moja likiwa bado gumu, nikahisi natafuna kiazi kibichi. Nikamwambia mke wangu tumepigwa. Yale matano yakabaki kwenye bakuli, na siku ya sita jiko zima lilikuwa linanukia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nyama yake inayeyuka mdomoni kama siagi, bila zile chembechembe kama mchanga zinazoniudhi kwenye mapeasi mengine. Utamu ni mwingi, ila kuna uchachu kidogo nyuma yake, kwa hiyo halikinaishi. Na maji! Yalinichuruzika mpaka kwenye kiwiko, nikalimalizia nimeinamia sinki kama mtoto.

Kwa sura halina makuu: nene, shingo fupi, rangi ya kijani inayoelekea njano, na mabaka ya kahawia kama kutu. Mengine yana shavu jekundu. Asili yake ni Angers, Ufaransa, ambako mti wa kwanza ulizaa mwaka 1849.

Kosa langu lilikuwa haraka. Peasi hili huchumwa likiwa limekomaa lakini gumu, kwa sababu likiachwa liivie mtini huanza kuharibika kutokea moyoni. Kisha hukaa kwenye baridi inayokaribia nyuzi 0 kwa takriban mwezi mmoja, ndipo liivie mezani siku chache. Usilipime kwa kubonyeza tumbo. Bonyeza taratibu karibu na kikonyo. Pakibonyea kidogo, lile siku hiyo hiyo. Ukisubiri tumbo nalo lilegee, ndani kumeshakwisha. Nilipoteza mawili hivyo hivyo, nje mazuri, moyo wa kahawia.

Kupika? Hapana. Nililichemsha kwenye maji ya sukari likawa uji. Kwa kazi hiyo chukua peasi la aina ya Bosc, lenyewe hushika umbo lake. Hili kula bila kulipika, na kipande cha jibini yenye ukungu wa buluu ukiwa nayo.

Nalipatia nyota nne. Ya tano naizuia kwa ajili ya ngozi: ni nyembamba mno, mguso tu linaacha alama, na kulibeba kwenye mfuko pamoja na vitu vingine ni kulitafutia kifo. Siku hizi nayabeba mkononi, mke wangu anacheka.