Sentapini kwa mvuvi wa Nairobi: ipi ununue, ipi uiache

Mtu anayeuza sentapini, aina ya rili (chombo cha kukunjia mshipi kwenye ufito wa kuvulia samaki), huipiga ngoma yake kwa kidole ili uone inavyozunguka. Itazunguka muda mrefu, nawe utavutiwa. Usitoe pesa kwa sababu hiyo. Ngoma nzito ikishashika kasi hujiendesha kwa uzito wake tu. Mtoni unahitaji ngoma inayoanza kuzunguka kwa mvuto mdogo kabisa, kwa kuwa kinachoivuta ni boya linalobebwa na maji. Funga mshipi, ning'iniza chubwi ndogo, uiachie. Ikishuka yenyewe, taratibu, hiyo ni rili. Ikikwama, muuzaji atakwambia inadai oili tu. Aitie kwanza, ndipo mwongee bei.

Kwa asiyeijua: sentapini ni ngoma ya mshipi inayozunguka juu ya pini moja, bila gia. Ukizungusha mkono mara moja, ngoma nayo inazunguka mara moja. Breki ni kidole gumba chako. Mtindo huu ulikuzwa Nottingham, Uingereza, kwa kuvua mto Trent.

Nambari moja kwangu ni sentapini ya beringi, kipenyo inchi 4.5, ya alumini iliyochongwa kutoka kipande kimoja. Okuma Sheffield, ya kampuni ya Taiwan, ni mfano mzuri. Kipenyo usikidharau: mzunguko mmoja wa inchi 4.5 unarudisha karibu sentimita 36 za mshipi, wa inchi 3 kama 24 tu, na samaki akiwa mbali chini ya mkondo utaihisi tofauti hiyo. Kabla ya kulipa, shika ukingo wa ngoma uutikise. Ikicheza huku na huku, mshipi utapenya nyuma yake na kunaswa samaki akiwa ndoanoni. Ukiiagiza nje, kwenye bei ongeza usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 16.

Ya pili ni ile ya bushi (bomba fupi linalokaa kati ya ngoma na pini), isiyo na beringi. Nyingi ni za zamani, za mji wa Redditch, Uingereza, kutoka kampuni za J.W. Young au Allcock. Ukiipata nzima, tena nyepesi, inaweza kuishinda ya beringi, maana tope la mito yetu haliipi shida: unaifungua, unaifuta, unaendelea. Bushi ikilika, fundi mwenye leithi pale Kariobangi Light Industries anaweza kukuchongea nyingine ya shaba nyeupe. Za mbao waachie wakusanyaji, kwa sababu mbao hunywa maji na kuvimba.

Ya tatu ni rili ya kawaida ya kurushia, ile inayopatikana madukani kwa urahisi. Kama pesa inatosha rili moja tu na unavua zaidi mabwawani, nunua hii bila kusita, kwani inarusha mbali. Mtoni lakini mshipi unatoka kwa vipindi, na boya linaruka badala ya kuteleza.

Ya mwisho ni rili ya kuvulia trauti kwa nzi bandia. Wengi tunayo nyumbani, lakini usiinunue kwa kazi hii: kiini chake ni chembamba na breki yake haiachii vizuri. (Trauti wenyewe waliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan, yule yule ambaye jina lake bado tunaliita tukienda Grogon kutafuta spea.) Mito ya trauti ina masharti yake ya chambo, kwa hiyo uliza ofisi ya uvuvi na ukate leseni kabla ya kutia ndoano majini.

Sasa matumizi. Tia mshipi unaohimili pauni 4 hadi 6, mita mia hivi. Ukijaza kupita kiasi, safu za juu zitazama katikati ya za chini na kukwama. Ufito uwe mrefu, futi 13 ukiupata, ili mshipi usilale majini. Pale Sagana, takriban kilomita 100 kutoka mjini, huna haja ya kurusha mbali: simama juu ya mkondo, vuta mshipi kidogo kati ya pete za ufito, dondosha boya mbele yako, maji yalichukue.

Kisha gusa ukingo wa ngoma kwa kidole gumba, kidogo sana. Maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu kwa sababu yanasuguana na mawe, kwa hiyo boya lililoachwa huru huburuta chambo kwa kasi isiyo ya kawaida. Ukilizuia kidogo, chambo hutangulia na kuinuka, na mara nyingi hapo ndipo barbus, samaki wa mtoni mwenye sharubu, hushika. Boya likizama, bana ngoma, inua ufito. Akianza kukimbia, legeza kidole bila kukiondoa.

Jioni, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini. Grisi hapana, inaifanya ngoma kuwa nzito kuanza.