Lichess huku Lamu: programu moja ya sataranji kwa mwanafunzi na kwa fundi

Hapa kwetu Langoni, Lamu, simu moja inachezewa sataranji na watu wawili wasiolingana kabisa. Mimi nimeucheza mchezo huu tangu ujana, na mtoto wa kaka yangu ndiyo kwanza anauliza, "Ami, hii ngome yaenda wapi?" Programu inayotufaa sote wawili nimeitafuta kwa muda mrefu, na nyingi nilizojaribu zilichagua upande. Moja ilijaa katuni, sarafu na makofi, lakini ukitaka kujua mchezo uliharibikia wapi, unaambiwa ulipie. Nyingine ilikuwa ya mafundi watupu: ukiifungua tu unakutana na safu za namba na majedwali. Mtoto aliitazama, akanirudishia simu.

Lichess ndiyo iliyobaki, na naisifu kwa moyo mmoja.

Anayependa bao atanielewa haraka. Kuna bao la kujifunza na kuna bao la Kiswahili lenye awamu zake mbili, namua na mtaji, na yote mawili huchezwa kwenye ubao uleule wa mashimo 32, kwa kete zilezile 64. Mwanafunzi akiiva hanunuliwi ubao mwingine. Lichess imejengwa kwa mtindo huo. Mtoto aliingia sehemu ya masomo, akaanza kuitembeza ngome huku akiokota nyota ubaoni, kisha farasi, kisha askari, bila kusomewa kanuni ndefu. Kutoka hapo akaenda kucheza na kompyuta, ambayo ina ngazi nane. Zana za mafundi hakuziona, wala hazikumsumbua, ingawa zilikuwa humohumo.

Kwangu mimi zana hizo ndizo uhai wa programu. Mchezo ukiisha nabonyeza kibonye cha uchambuzi, na Stockfish, injini yaani programu inayopiga hesabu za sataranji, inapita juu ya kila hatua. Nikitaka, inanirudisha kwenye kila hatua iliyoniponyoka ili nitafute iliyo bora mwenyewe kabla ya kuonyeshwa jibu, na hapo ndipo mtu hujifunza kweli. Kuna hazina ya michezo ya mabingwa, ambapo unaona baada ya ufunguzi fulani wengi walijibu nini na nani alishinda. Vipande vikibaki saba au pungufu, wafalme wakihesabiwa, programu haikisii tena: inakwambia hakika ni ushindi, sare au kushindwa. Michezo yangu naipakua katika faili la PGN, yaani orodha ya hatua zilizochezwa, na kwenda nayo ninakotaka.

Vyote hivyo ni bure, na ubure huo una sababu yake. Lichess ilianzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis. Inaendeshwa na shirika lisilo la faida huko Ufaransa kwa michango ya watumiaji, haina matangazo, na msimbo wake, yaani maandishi yaliyoiunda programu, uko wazi kwa yeyote kuusoma. Naamini hapa ndipo penye siri ya mizani yake. Kampuni inayoishi kwa ada lazima iamue ni zana gani ifungiwe nje ya mlango, na mara nyingi hufungiwa ileile ambayo anayeanza angeihitaji zaidi, yaani kuelezwa mchezo wake. Asiye na cha kuuza huweza kuiacha wazi, akashughulika tu na kuipanga vizuri ili isimtishe mgeni.

Kuna jambo moja ambalo injini hizi zote, popote ziwekwapo, bado hazijalimaliza. Injini inaandika +1.3 na kunyamaza. Mimi naelewa kuwa mweupe yuko mbele, lakini mtoto anauliza kwa nini, na namba haina jibu. Ngazi za chini nazo zina tabia ngeni: kompyuta inacheza kama bingwa kwa hatua kadhaa, halafu inatoa malkia bure. Binadamu anayejifunza hakosei hivyo. Ndiyo maana nampeleka mtoto kwa Maia, wachezaji wa kompyuta waliomo humohumo Lichess, waliofunzwa kwa michezo ya watu wa kawaida ili watabiri hatua ambayo mtu angeicheza. Makosa yao yanafanana na ya jirani aliyeketi barazani, na mtoto anajifunza kuyaadhibu.

Kwa anayetaka kumpa mwanawe: mfungulie akaunti yake, kisha kwenye mipangilio washa hali ya watoto, ambayo huzima mazungumzo na watu asiowajua. Pakua programu ya simu pia. Masomo ya mwanzo mkae pamoja, na uchambuzi wa injini msiuguse mpaka aanze kuuliza mwenyewe kwa nini ameshindwa.