Ribiti au bolti kwenye tela la mkonge, Tanga

Ribiti, yaani pini ya chuma inayopondwa kichwa ili kushikanisha mabamba, ya kipenyo cha mm 10 ina eneo la milimita mraba 78.5. Ikibebeshwa nyutoni 6,000, mkazo wa kukata (nguvu ya mabamba kuikata pini kwa ubavu) ni kama nyutoni 76 kwa kila milimita mraba. Chuma kinachokatika kwa 300 kinakuachia akiba ya karibu mara 4. Bolti ya M10 (kipenyo mm 10) ni hivyohivyo, mradi meno yake yasikae penye mkato, pale mabamba yanapokutana. Yakikaa hapo, eneo linashuka hadi 58, mkazo unafika 103. Wengi hukosea hapa!

Ribiti hailegei kirahisi kwa mtikisiko, lakini kuitoa lazima utoboe au usage kichwa. Bolti yataka spana tu, ila hewa ya chumvi hula meno: paka grisi, kagua nati.

Tundu likae angalau mm 15 kutoka ukingoni, la sivyo bamba litachanika kwanza.

Njia mbovu, ribiti. Bamba la kubadilishwa mara kwa mara, bolti.