Krimu ya imikwimodi: dawa inayoiamsha kinga badala ya kuua kirusi

Krimu hii ya asilimia 5, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa chunjua za sehemu za siri, haishambulii chenyewe kirusi cha papiloma kinachozisababisha, bali huchochea kipokezi cha TLR7, protini inayong'amua dalili za virusi, kilichomo ndani ya seli za ulinzi, nazo zikatoa interferoni (protini za kupambana na virusi) na kuziita seli T, askari wa kinga, mahali ambapo kirusi kilikuwa kimejificha. Ubunifu huo naupa alama za juu, kwani kwa kawaida kipokezi hicho hutambua virusi ambavyo vinasaba vyao ni vya aina ya RNA, ilhali vya papiloma ni vya aina nyingine, DNA.

Matumizi yake yanadai subira: hupakwa kabla ya kulala, mara 3 kwa wiki, na kuoshwa baada ya saa 6 hadi 10, kwa muda usiozidi wiki 16. Ngozi huwa nyekundu, huwasha, pengine hata kuchubuka, jambo ambalo kijikaratasi cha maelezo hulitaja kwa upole mno.

Madaktari huitumia pia kwa mabadiliko ya ngozi ya uke wa nje yanayotangulia saratani, na baadhi ya wagonjwa huepuka kisu. Saratani iliyokwisha kupenya ndani ya mlango wa kizazi, ambayo nayo huletwa na kirusi hicho, hata hivyo, haitibiwi kwa krimu hii.