Kustaafia Kusini: Mtwara, Lindi, Newala au Masasi?

Mstaafu aliyepanga Dar es Salaam akiondoa kodi ya huko kwenye hesabu zake, pensheni inayobaki inaweza kumlisha vizuri mkoani Mtwara au Lindi. Samaki wapo, nazi na muhogo vipo, na jirani bado anabisha hodi asubuhi kuuliza umeamkaje. Tatizo ni kwamba watu wanasema "nahamia kusini" kana kwamba kusini ni mji mmoja. Aliyezoea joto la pwani akienda Newala atatafuta sweta mwezi wa sita, na mwezi wa tisa atakuwa ananunua maji kwa dumu. Miji hii minne tumeipima kwa jicho la mtu mwenye pensheni ya kila mwezi, mwenye tarehe za kliniki kwenye kalenda, na mwenye mkupuo, ile fedha ya mara moja ya kustaafu, ambao tangu kikokotoo cha mafao kibadilike haumpi nafasi ya kukosea mara mbili.

Tuanze na Mtwara mjini, kwa sababu ya hospitali. Ndani ya manispaa moja kuna hospitali mbili za rufaa: Ligula, ambayo ni ya mkoa, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Mwenye presha, kisukari, tezi dume au shida ya moyo asihangaike kulinganisha sana, akae hapa. Zamani ugonjwa ukikomaa safari ilikuwa ni Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kwa basi au gari la wagonjwa. Kabla ya kuhama, nenda na kadi yako ya NHIF, bima ya afya ya taifa, dirishani, uliza kama inasoma, na uliza dawa zako zinapatikana hapo hapo au utaandikiwa ukanunue nje. Aliyefikisha miaka 60 na hana bima, aulizie dirisha la wazee na utaratibu wa kitambulisho chake kwenye ofisi ya mtaa.

Kwa makazi, mtaa wa Shangani ndiko kunakosifiwa, na sifa hizo ni za haki: upepo wa bahari, barabara pana, miti. Kodi yake nayo ni ya watu wa mashirika. Kwa pensheni, angalia mitaa ya Ligula, ilipo hospitali ya mkoa, Chuno na Rahaleo. Ligula ina faida moja isiyoonekana kwenye tangazo la dalali: siku presha imepanda usiku, bajaji inakufikisha mapokezi kwa dakika chache. Jambo jingine la kujua unapojadili bei ni kwamba miaka ya 2012 hadi 2014, wakati wa msisimko wa gesi asilia, watu walijenga nyumba nyingi wakitarajia wapangaji wa kampuni. Wageni walipungua, nyumba zikabaki. Ukikuta nyumba kubwa yenye uzio, madirisha ya alumini na vumbi la miezi kadhaa kwenye vitasa, mwenyewe anataka mpangaji kuliko anavyokuonyesha. Omba kulipa miezi mitatu mitatu, usikubali haraka ile kauli ya "Mzee, lipa mwaka mzima nikupunguzie."

Ubaya wa Mtwara ni joto la Novemba hadi Machi, kipindi cha kaskazi, ambapo usiku hewa inasimama kabisa. Kusi ikianza kuvuma Aprili mji unakuwa mtamu. Kwa hiyo unapokagua nyumba, simama chumbani uulize dirisha linatazama wapi. Chumba cha kulala chenye dirisha la kusini mashariki na jingine la kupitisha hewa ukuta wa pili kitakuokoa hela ya Luku ambayo feni ingekula. Nyavu za madirisha zikaguliwe moja moja kwa kidole, maana malaria huku bado ni nyingi na mwili wa miaka 65 hauivumilii kama zamani.

Mikindani iko kama kilomita 10 kutoka mjini, imezunguka ghuba yake, na ina nyumba za mawe za karne zilizopita. Kutoka hapo ndipo Livingstone alipoianza safari yake ya mwisho ya kwenda bara mwaka 1866. Kwa uzuri inaishinda Mtwara mjini. Mtu anayependa kutembea jioni, kununua pweza kwa mvuvi na kusikia adhana bila honi za magari atapenda mno. Nyumba za zamani zilizo chini karibu na maji, hata hivyo, zinavuta unyevu. Ukigonga plasta kwa kifundo cha kidole na ikatoa sauti ya mtungi mtupu, imeshaachana na ukuta. Rangi mpya uliyoionyeshwa haitamaliza masika moja. Tafuta nyumba ya upande wa juu.

Lindi mjini ni chaguo la mtu anayetaka utulivu na matumizi madogo kuliko Mtwara, na hajali kwamba saa mbili usiku mji umeshalala. Hospitali ya mkoa ya Sokoine ipo hapo hapo, na Mtwara ni mwendo wa kilomita kama 105 za lami. Mji umejibana kati ya vilima na ghuba, kwa hiyo mvua kubwa inaposhuka vilimani, maji yanatafuta bahari kupitia mitaa ya chini. Angalia alama ya matope kwenye kuta za jirani, na uulize wenye maduka. Hao hawana nyumba ya kukupangisha, watakuambia maji hufika wapi. Chakula ni raha: samaki wa ghuba, kisamvu cha nazi, na ming'oko, viazi vya porini, iliyochemshwa inapofika msimu wake. Kama wanao na wajukuu wako Dar, Lindi inakupunguzia zaidi ya kilomita 100 za basi kila safari, na hilo miaka kumi mbele ni jambo kubwa.

Newala ndiyo inayowagawa watu. Mji umekaa kwenye ukingo wa nyanda za juu za Makonde, na ukisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu unaona ardhi ikishuka mbele yako hadi bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Hewa ni safi, asubuhi za Juni na Julai zina ukungu, na mwenye pensheni ndogo anapata nafasi ya nyumba na bustani ambayo pwani asingeipata. Tungeipa nafasi ya kwanza bila kusita, kama si maji.

Udongo wa juu ya nyanda hizi ni wa mchanga. Mvua inanyesha vizuri, kisha inazama. Hakuna mto unaopita juu. Maji ya bomba yanasukumwa kwa pampu kutoka mabondeni, na mradi wa maji wa Makonde umekuwa ukipambana na mlima huo tangu enzi za mkoloni. Umeme ukikatika, au pampu moja ikiharibika, bomba lako linakohoa hewa. Anayeenda Newala aende na hesabu ya kuvuna mvua, na hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 8 ina mita za mraba 80. Mwaka ukileta milimita 1,000, paa limepokea lita 80,000. Toa sehemu ya tano inayopotea kwa kumwagika na kukauka, zinabaki 64,000. Wazee wawili wakitumia madumu mawili ya lita 20 kila mmoja kwa siku, wanahitaji lita 80 kwa siku, yaani 29,200 kwa mwaka. Kumbe mvua inatosha mara mbili. Kinachokosekana ni pa kuiweka, kwa sababu huku mvua ni msimu mmoja, na kati ya Mei na Novemba unaweza kuishi siku 200 bila tone la maana. Siku 200 kwa lita 80 ni lita 16,000.

Simtanki moja la lita 2,000, ambalo ndilo watu wengi hununua kwa mkupuo na kuridhika, linakwisha siku ya 25. Unachohitaji ni kisima cha saruji cha chini ya ardhi, mita 3 kwa 3 na kina cha mita 2, ambacho kinabeba lita 18,000. Humo ndimo mafundi wa haraka wanapoharibu: wanajenga tofali tupu kwenye mchanga, mchanga unatitia, kona zinapasuka, na maji yanaondoka kimyakimya mwezi wa saba. Sakafu iwe na nondo, kuta zifungwe kwa mkanda wa zege chini na juu, plasta ya ndani iwe na dawa ya kuzuia maji, na kisima kijazwe na kuachwa siku kadhaa ukipima kwa fimbo kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho. Mfuniko uzibe mwanga wote, maana mwanga ndio unaootesha ukijani. Bomba la gata liwe na kiungo cha kuchomoa, ili mvua za kwanza za msimu zimwagike nje pamoja na vumbi na kinyesi cha ndege. Usipochomoa, kisima chote kitanuka hadi mwakani.

Kuhusu barabara ya Newala, kipande cha Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, kina lami. Kuanzia hapo lami inajengwa kwa vipande, kwa hiyo pita mwenyewe wakati wa mvua kabla ya kuamua. Mgonjwa wa figo au wa moyo asiende kuishi Newala kwa ajili ya hewa nzuri.

Masasi ni mji wa biashara, wenye vilima vya mawe vinavyochomoza kama migongo ya tembo, na soko lenye mahindi, mbaazi, karanga na kunde kwa bei ya mkulima. Kula Masasi ni rahisi kuliko kwingine kote tulikotaja, isipokuwa samaki wabichi. Ni mji mzuri kwa mstaafu anayetaka kufungua duka la pembejeo au la dawa. Kwa anayetaka kupumzika tu, sisi tungemshusha basi kama kilomita 40 kabla, Ndanda. Pale kuna hospitali ya rufaa ya misheni ya Wabenediktini inayotegemewa na mikoa yote miwili, kuna maji ya chemchemi yanayotoka kwenye miteremko ya Makonde, na barabara kuu ya lami inapita mlangoni. Mji wenyewe ni mdogo, burudani ni chache, na vijana wanauona kama kituo cha basi. Kwa umri wa miaka 62, tunaona ni mahali pazuri ajabu.

Popote utakapochagua, panga kwanza mwaka mmoja mzima. Mwaka huo lazima uwe na masika yake na msimu wake wa korosho. Oktoba hadi Desemba wanunuzi na magari yanajaa, nyumba za wageni zinakosa nafasi, nauli za bodaboda na bei za sokoni zinapanda. Miezi ya katikati ya mwaka wakulima wanapuliza salfa, dawa ya unga, mikoroshoni, na vumbi lake linasafiri na upepo wa asubuhi. Mwenye pumu anayeishi katikati ya mashamba atakohoa majuma kadhaa. Hilo dalali hakuambii, kwa sababu anakuonyesha kiwanja mwezi wa tatu.

Ukiamua kununua, kiwanja kilichopimwa ndani ya mji ni salama kuliko ekari za bei ya kutupa kijijini. Chukua nakala ya hati, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi, ona kama kuna mkopo au zuio, kisha linganisha namba za mawe ya mipaka na ramani ya upimaji ukiwa umesimama pale pale. Ridhaa ya mwenza wa muuzaji iwe ya maandishi. Kwa ardhi ya ukoo, kumbuka kwamba Wamakonde, Wayao na Wamwera kwa mila wanafuata upande wa mama. Mauziano yaliyosainiwa na baba na wanawe bila mjomba kuitwa yanaweza kukuletea kikao cha ukoo barazani kwako baada ya msingi kukamilika. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, namba 5 ya mwaka 1999, na inapitia halmashauri ya kijiji, hata kama mwenyekiti anasema saini yake peke yake inatosha.

Unapojenga pwani, kataa mchanga wa ufukweni hata ukiletwa bure. Chumvi yake inakula nondo kutoka ndani, na miaka michache baadaye zege la lenta linaanza kuvimba na kudondoka vipande. Bati lisiwe jembamba la geji 30. Chukua 28, namba ikipungua bati linazidi unene.

Na shamba la mikorosho, ambalo kila mstaafu huku anashauriwa alinunue? Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja inabeba miche kama 28. Miche bora ya kubebesha, ile ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, inaanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, na mavuno kamili yanachukua miaka zaidi. Palizi, salfa na vibarua vinalipwa kabla, fedha ya mnada inakuja baada ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kukusanya na kuuza. Ekari mbili zenye miti inayozaa tayari zinaongeza kitu kwenye pensheni. Ekari kumi za miche zinaimeza.

Barabara ya Dar nayo iingie kwenye mpango wako. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata maeneo ya Somanga mkoani Lindi, na mabasi yakasimama. Mtwara ina uwanja wa ndege, miji mingine mitatu inategemea zaidi lami hiyo au mzunguko mrefu wa Songea. Mwenye dawa za kila siku awe na akiba ya mwezi mzima ndani ya nyumba ifikapo mwishoni mwa Februari, na ziara ya kliniki ya Muhimbili aiombee tarehe ya Julai au Agosti.